Kompyuta ya zahanati: Usidanganywe na kiwambo kinachong'aa

JUMATATU moja asubuhi, miaka michache iliyopita, nilimbeba kitinda mimba wangu hadi zahanati moja ya kibinafsi hapa Nairobi. Mtoto alikuwa akichemka kama chungu kilicho mekoni. Mama yake alikuwa amekwenda mashambani kwa mazishi, nami ndimi niliyekuwa baba na mama kwa siku tatu.

Zahanati hiyo tuliipenda. Walikuwa wameachana na makabati ya karatasi zilizoliwa na mende, na pale mapokezi palikuwa na kompyuta mpya, kiwambo chake kipana kama dirisha. Ukitaja jina na nambari ya simu, karani alibonyeza mara mbili tatu na habari zote za mgonjwa zikajitokeza.

Siku hiyo hazikujitokeza. Stima ilikuwa imepotea na kurudi mara kadhaa usiku wa Jumapili, na kompyuta ile, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ilikuwa imegoma kufunguka. Karani alijaribu hili na lile. Fundi akapigiwa simu, akasema yuko njiani.

"Baba, mtoto huyu hudhurika na dawa yoyote?" muuguzi aliniuliza, kalamu mkononi.

Msomaji, hapo ndipo nilipojijua kuwa baba wa jina tu. Nilikumbuka kwamba mwaka uliotangulia mtoto alipewa dawa fulani, akavimba midomo na kutokwa na vipele mwili mzima. Nilikumbuka chupa yenyewe. Nilikumbuka hata rangi ya dawa. Jina lake sikulikumbuka ng'o. Lilikuwa ndani ya kompyuta ile, na kompyuta ilikuwa kimya.

Daktari, Mungu ambariki, alikataa kubahatisha. Alimpa mtoto dawa ya kutuliza homa, tukaketi kungoja. Baada ya muda wa karibu saa mbili simu ya mama yake ikapatikana. "Penisilini!" alisema hata kabla sijamaliza swali. Dawa ambayo daktari alikuwa tayari kuandika ilikuwa amoksilini, na amoksilini ni ya ukoo huo huo.

Mtoto alipona. Lakini niliporudi wiki iliyofuata kumshukuru daktari, nilipata habari iliyonifanya nianze kuulizauliza mambo haya. Rekodi zote za wagonjwa wa zahanati hiyo tangu walipoanza kutumia kompyuta zilikuwa zimepotea. Nakala ya akiba ilikuwapo, naam, lakini ilihifadhiwa ndani ya kompyuta ile ile! Mashine yenyewe ilikuwa ya bei ya juu na yenye mbio, aina ambayo vijana huinunua kwa michezo ya video. Kifaa cha betri ya akiba, ambacho kingegharimu sehemu ndogo tu ya pesa hizo, hakikununuliwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Zahanati hii ilipoteza daftari lenyewe.

Kwa nini jambo hili likuhusu

Huenda ukasema, "Mimi si daktari wala sina zahanati. Kompyuta zao zanihusu nini?" Zakuhusu sana. Pengine wewe ni mwanakamati wa zahanati ya kanisa au msikiti wa mtaani kwenu. Pengine ni mzazi katika bodi ya shule yenye chumba cha wagonjwa. Pengine ni mwanafunzi wa kompyuta ambaye kesho shangazi yako muuguzi atakuita na kukuambia, "Mwanangu, nataka kufungua kliniki. Nipeleke mjini tununue mashine." Na hata kama huna lolote katika hayo, bila shaka wewe ni mgonjwa wa mahali fulani, na jina la dawa inayoweza kukudhuru limehifadhiwa katika mashine ambayo hukuichagua.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: kompyuta na faili ni vitu viwili. Kompyuta huuzwa madukani, ikiibwa leo unanunua nyingine kesho. Faili ya mgonjwa haiuzwi popote. Kwa hivyo pesa za zahanati zinafaa kwanza kuilinda faili, kisha kinachosalia ndicho kinunue mbio na urembo. Wanunuzi wengi hufanya kinyume.

Somo kutoka Mosoriot

Usidhani kwamba haya ni mambo mageni nchini. Mosoriot ni kituo cha afya kilichoko Nandi, kusini mwa Eldoret kwenye barabara ya kwenda Kapsabet. Februari 2001, wakati ambapo afisi nyingi hata za Nairobi zilikuwa zingali zikitumia taipureta, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana huko Marekani walianza kuweka rekodi za wagonjwa wa kituo hicho katika kompyuta.

Hawakupeleka mitambo ya kutisha. Muuguzi na daktari waliendelea kuandika kwa kalamu katika fomu moja ya karatasi, badala ya kunakili habari zile zile katika madaftari chungu nzima, kisha karani akaziingiza katika kompyuta. Programu ilikuwa Microsoft Access, ambayo wanafunzi wengi wameipitia darasani. Jambo ambalo hawakulifanyia mzaha ni stima: waliweka njia zaidi ya moja ya kupata umeme wa akiba.

Matokeo? Katika muda wa miezi 6, ziara 10,000 za wagonjwa 6,190 zilikuwa zimeingizwa. Wataalamu hao walipopima muda, walikuta kwamba ziara ya mgonjwa kituoni ilikuwa imefupika kwa asilimia 22. Mama aliyetoka mbali akiwa na mtoto mgongoni alirudi nyumbani mapema kuliko zamani.

Kazi hiyo iliendelea kukua. Mwaka 2004 wataalamu wa Indiana waliokuwa wakishirikiana na wenzao wa Eldoret walianza kuunda programu ya OpenMRS, ambayo hupatikana bila malipo na sasa inatumiwa katika nchi nyingi. Programu ya KenyaEMR inayotumiwa katika vituo vingi vya serikali imejengwa juu yake. Maana yake ni kwamba zahanati ndogo si lazima imalize akiba yake kwa kununua programu. Pesa hizo zaweza kwenda kwenye vifaa, mradi vifaa vyenyewe vichaguliwe kwa akili.

Faili ina uzito gani?

Muuzaji atakuambia kwamba rekodi za wagonjwa ni nyingi na kwa hivyo wahitaji mashine kubwa. Kabla ya kufungua pochi, hebu tupige hesabu pamoja.

Ukurasa mmoja wa maandishi huchukua kilobaiti 2 au 3 hivi. Tuseme ziara moja ya mgonjwa, pamoja na vipimo na dawa zake, ni kilobaiti 10. Zahanati inayowaona wagonjwa 100 kwa siku itajaza megabaiti 1 kila siku. Kwa siku 300 za kazi, hiyo ni megabaiti 300. Kwa miaka 10, gigabaiti 3. Hata ukizidisha mara tatu kwa ajili ya shughuli za ndani za programu, bado hujafika gigabaiti 10. Simu iliyomo mfukoni mwako ina nafasi kubwa kuliko hiyo mara kadhaa.

Mambo hubadilika zahanati inapohifadhi picha. Picha moja ya eksirei ya kidijitali yaweza kufika megabaiti 10 au zaidi, yaani sawa na ziara 1,000 za maandishi. Basi swali la kwanza kwa mwenye zahanati ni rahisi: mtahifadhi maneno tu, au maneno na picha? Kama ni maneno tu, yeyote anayekuuzia diski kubwa kupindukia anakuuzia ghala la kuwekea kibaba kimoja cha unga.

Mashine za kawaida zinatosha. Kwa kompyuta za mapokezini na kwa daktari, kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 8 inafaa. Kompyuta kuu inayohifadhi faili zote, ile iitwayo seva, ipewe gigabaiti 16. Diski iwe ya aina isiyozunguka, yaani SSD. Haina sehemu zinazotembea ndani, kwa hivyo haiharibiki upesi ikitikiswa au ikiangushwa, na hufungua mafaili haraka kuliko diski za zamani. Lakini hata hiyo haipendi kukatiwa stima ghafla ikiwa katikati ya kuandika. Hapo ndipo tunapofika penye kiini cha mambo.

Stima, stima, stima

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani kwa mkupuo mmoja. Hata Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ulikosa taa. Ikiwa uwanja wa ndege waweza kukaa gizani, sembuse zahanati ya mtaani?

Kuna kinga mbili, nazo zisichanganywe. Ya kwanza ni UPS, kile kisanduku chenye betri ndogo kinachokaa kati ya ukuta na kompyuta. Kile kidogo cha kawaida huipa kompyuta dakika chache, pengine 10 hivi. Kazi yake si kukuwezesha kuendelea na shughuli mchana kutwa. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kuhifadhi unachoandika na kuzima mashine kwa adabu, na pia kuzuia mshtuko wa stima inayorudi kwa nguvu. Seva isikae hata siku moja bila kifaa hiki.

Angalizo: printa ya leza isichomekwe kwenye UPS. Inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na kisanduku hicho kitalemewa. Pia betri yake huchoka baada ya miaka 3 hadi 5, na mahali penye joto jingi huchoka mapema zaidi. Andika tarehe ya kununua kwa kalamu juu ya kisanduku, ili siku ya kubadilisha betri isikupite.

Kinga ya pili ni ya kufanyia kazi: betri kubwa inayochajiwa na stima au na paneli za sola. Hapa ndipo uchaguzi wa kompyuta unapojionyesha. Chukua betri ya volti 12 na ampea-saa 100. Kwa hesabu ya vitabu ina wati-saa 1,200, lakini betri za risasi haifai kuzimaliza zaidi ya nusu, la sivyo zitakufa mapema. Basi una wati-saa 600.

Tuseme zahanati ina kompyuta 3 za mezani za kizamani, kila moja na kiwambo chake ikila wati 120, pamoja na seva na vifaa vya mtandao vinavyokula wati 60. Jumla ni wati 420. Betri yako haitafika hata saa moja na nusu. Sasa badala yake weka kompyuta ndogo zile za ukubwa wa kitabu, ambazo pamoja na kiwambo hula wati 40 hivi. Jumla inakuwa wati 180, na betri ile ile itakusogeza karibu muda wa saa tatu. Hukuongeza betri wala paneli. Umechagua mashine isiyo mlafi tu.

Kwa hivyo unapokwenda dukani, usiulize tu, "Ina kasi gani?" Uliza, "Inakula wati ngapi?" Muuzaji asiyejua jibu, mwambie akuonyeshe kibandiko cha nyuma ya mashine au cha chaja yake. Kibandiko hutaja kiasi cha juu kabisa, na katika kazi ya kawaida mashine hula chini ya hapo.

Nani atakayeigusa?

Wahenga pia walisema, mchagua jembe si mkulima. Kwa heshima zote, katika jambo hili ninatofautiana nao. Mkulima ndiye hasa anayefaa kuchagua jembe, na mkulima wa zahanati ni muuguzi na karani, wala si mkurugenzi anayepita mara moja kwa wiki.

Nchini Malawi walilifahamu hili mapema. Shirika la Baobab Health, lililoanzia kazi zake katika Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe, liliona kwamba wauguzi wengi hawakuwa wamezoea kibodi na kipanya. Badala ya kuwalazimisha kwenda darasani, liliwawekea viwambo vya kugusa kwa kidole, vyenye vitufe vikubwa na swali moja moja. Vifaa hivyo vilichaguliwa pia kwa sababu vilitumia umeme kidogo na viliweza kuendeshwa kwa betri. Mashine ilimfuata mtu.

Kaa pale mapokezi asubuhi moja uangalie foleni. Karani anayeandikisha watu 100 anahitaji kibodi imara na kiwambo kisichoumiza macho. Kompyuta ya mezani inamfaa. Daktari anayehama kutoka chumba hadi chumba atafaidi kompyuta ya mapajani, ambayo ina betri yake ndani na kwa hivyo haijali stima ikipotea kwa muda. Tableti humfaa muuguzi anayekwenda nyumba kwa nyumba kupima watoto. Lakini ujue kwamba kila kitu kinachobebeka huibika, na kuandika maelezo marefu kwa kidole juu ya kioo kutamchosha hata kijana.

Usisahau kwamba mashine itakaa katika hewa ya mahali. Mombasa na Lamu chumvi ya bahari hula vyuma. Kajiado vumbi huziba matundu ya kupozea. Huko magharibi na kandokando ya Ziwa Viktoria radi si jambo la ajabu, na zahanati isiyo na waya mzuri wa kupeleka umeme ardhini itaunguziwa vifaa vyote kwa mpigo mmoja. Fundi wa stima mwenye leseni aje kwanza, muuzaji wa kompyuta baadaye.

Mitumba au mpya?

Si aibu kununua kompyuta ya mitumba. Zile zilizotumika katika makampuni ya ng'ambo mara nyingi zimeundwa kwa chuma kizito na hufunguka kwa urahisi zinapohitaji kutengenezwa, na vipuri vyake vimejaa mjini. Zaweza kuwa imara kuliko mashine mpya ya bei ya chini yenye mwili wa plastiki.

Lakini kuna mtego. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuiziba Windows 10 matundu ya usalama. Windows 11 nayo, kwa masharti ya Microsoft yenyewe, inahitaji kompyuta zenye prosesa za Intel za kizazi cha 8 au baadaye, au zinazolingana nazo. Ndiposa utaona mashine nyingi za kizazi cha 4, 5 na 6 zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Bei hiyo si zawadi. Ukizinunua na kuendelea na Windows 10, umemwachia mwizi wa mtandaoni mlango wazi chumbani mwa wagonjwa.

Njia mbili zipo. Nunua mitumba ya kizazi cha 8 kwenda juu, au utumie mfumo wa Linux, ambao ni wa bure na huendesha mashine kongwe bila taabu. OpenMRS hufunguliwa kupitia kivinjari kama kile cha kusomea intaneti, kwa hivyo karani hatahisi tofauti kubwa. Hakikisha tu kwamba kuna fundi karibu anayeijua Linux.

Na seva je? Hiyo, kama pesa zapatikana, iwe mpya na yenye dhamana. Mashine ya mapokezi ikifa, karani mmoja atahama meza. Seva ikifa, zahanati nzima imesimama.

Nakala tatu

Sasa tufikie jambo lililoiangusha zahanati yetu. Mafundi wa kompyuta wana kanuni ya kale: weka nakala 3 za rekodi zako, katika vifaa vya aina 2, na 1 kati yake ikae nje ya jengo. Nakala ya kwanza ni ile iliyo katika seva. Ya pili iwe katika diski ya nje inayochomekwa jioni na kuchomolewa. Ya tatu ikae mahali pengine kabisa, ama diski nyingine inayofungiwa kwenye sefu ya afisi ya mbali, ama kwa kutumwa kupitia intaneti.

Kuna muuzaji atakayekuambia kwamba seva yake ina diski mbili zinazoandika kitu kimoja, na kwa hivyo huhitaji nakala. Usikubali. Diski mbili hukuokoa moja ikifa. Hazikuokoi mwizi akibeba seva, paa likivuja, au karani akifuta faili kwa makosa, kwa sababu diski zote mbili zitafuta pamoja kwa utiifu mkubwa!

Flashi diski nazo, zile ndogo za mfukoni, zisitumiwe kwa kazi hii. Hupotea matatuni, na hubeba virusi kutoka saiba hadi saiba.

Muhimu kuliko yote, nakala ijaribiwe. Mara moja kwa mwezi, chukua diski ya akiba, ifungue katika kompyuta nyingine, umtafute mgonjwa mmoja uone kama yumo. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni sawa na mtungi uliofunikwa: hujui kama una maji au una hewa.

Diski zote, pamoja na kompyuta za mapajani na tableti, zifungwe kwa ufunguo wa siri ili anayeiba mashine asiibe pia siri za watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Mtu akijua nani ana ugonjwa gani katika mtaa mmoja, nyumba zaweza kuvunjika.

Waya au hewa?

Swali la mwisho ni jinsi mashine zitakavyozungumza. Mtandao usiotumia waya ni rahisi kuweka, lakini hudhoofika kwenye kuta nene na vyumba vingi. Kwa mashine zisizohama, waya wa mtandao ni bora. Mmoja waweza kufika meta 100 bila shida, na zahanati nyingi hazina urefu huo.

Tena, amueni kama faili zitakaa katika seva yenu wenyewe au katika mitambo ya mbali inayofikiwa kwa intaneti. Ya mbali hukuondolea mzigo wa kutunza seva. Lakini intaneti ikikatika, nanyi mmekatika. Aliye mahali ambapo mtandao huja na kwenda kama jua la masika, afadhali seva iwe ndani na nakala ndiyo iende mbali.

Orodha ya mfukoni

Ukitakiwa kushauri au kupiga kura katika kamati, mpangilio wa matumizi uwe huu. Kwanza, nyaya za stima za jengo na UPS ya seva. Pili, seva yenyewe na diski mbili za nje za nakala. Tatu, betri kubwa au sola. Nne, waya za mtandao. Tano, kompyuta za makarani na madaktari, zisizokula umeme mwingi, na moja ya ziada kabatini. Sita, kama kuna salio, viwambo vikubwa vinavyong'aa. Na kila mwaka tengeni fungu la betri na ufundi, kwani mashine isiyo na fundi ni samani.

Usitupe kalamu vilevile. Zahanati iwe na fomu za karatasi mezani kwa siku ambayo kila kitu kitakataa, habari ziingizwe baadaye. Mosoriot walianza na karatasi na kompyuta bega kwa bega, na hawakupungukiwa na kitu.

Na wewe mgonjwa, unapokwenda kliniki wiki hii, muulize karani kwa upole, "Dada, stima ikipotea sasa hivi, faili yangu itakuwa wapi?" Akicheka, cheka naye, lakini subiri jibu.

Zahanati yetu ilianza upya. Nilipopita hapo juzi, chini ya meza ya mapokezi palikuwa na UPS iliyoandikwa tarehe kwa kalamu nene, na kila jioni daktari mwenyewe huchomoa diski na kwenda nayo. Kompyuta ya sasa ni ndogo, haipendezi macho. Karani alibonyeza mara mbili tatu na jina la mwanangu likajitokeza, na chini yake, kwa herufi nyekundu, neno penisilini.

Hata hivyo, nimeliandika pia katika karatasi ndogo iliyo ndani ya pochi yangu. Mama yake ananicheka. Ninamwacha acheke.